"Habari ziwafikie": kisa cha redio ya Moshi iliyofupisha matangazo ya vifo

Kisa hiki nilikuwa ndani yake. Nilisimamia vipindi kwenye kituo kimoja cha FM mjini Moshi kwa miaka kadhaa, na uamuzi ninaouchambua hapa niliuunga mkono kwa maneno mengi kuliko mtu yeyote kikaoni. Jina la kituo, la mmiliki na ya wahusika wote nimeyaacha. Mambo mawili matatu ambayo yangemfanya mtu atambulike kijijini kwake nimeyageuza. Nawaandikia hasa watayarishaji wa vipindi walioko kwenye vituo vidogo, wale ambao kila mwaka mpya wanaambiwa wabadilishe ratiba kwa sababu vijana hawasikilizi.

## Usuli

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, redio ilikuwa sanduku la kuwekwa mezani na kufunikwa kitambaa cha kufuma. Mwenye nayo alikuwa mwalimu, karani, mchungaji, au mkulima ambaye kahawa yake ilikuwa imelipa vizuri mwaka huo. Majirani walikuja kusikilizia kwake. Redio ya transista ya kwanza iliingia madukani huko Marekani mwaka 1954, na katika miaka ya sitini redio ndogo za betri zikaanza kupanda mlimani Kilimanjaro, zikining'inia kwenye usukani wa baiskeli au begani. Kituo chenyewe nacho kilikuwa kinabadilika jina: mwaka 1956 kikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika, na mwaka 1965 kikawa Radio Tanzania Dar es Salaam, RTD ya kila mtu. Arusha palikuwa na kiwanda cha Philips kilichounganisha redio, na jina lake limebaki kuwa jina la eneo mpaka leo. Dar es Salaam, kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilitengeneza redio na betri za National. Betri hazikuwa rahisi. Waliokulia miaka ile wanakumbuka kuzianika juu ya bati mchana kutwa, na nyingine kuziuma kwa meno, ili zifike angalau mwisho wa taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Moshi ilikuwa na historia yake ya pembeni. Mwaka 1963 Walutheri walifungua kituo cha Sauti ya Injili mjini Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilirekodiwa studio ya Moshi. Kanda zilisafirishwa mpaka Ethiopia, zikarushwa kwa masafa mafupi, na sauti ya mtu wa Moshi ikarudi nyumbani kutoka Addis. Iliendelea hivyo mpaka mwaka 1977, serikali ya kijeshi ya Ethiopia ilipokichukua kituo.

Nataja haya kwa sababu ya jambo moja. Kwa muda mrefu sana redio nchini mwetu haikupangwa kwa ajili ya mtu aliyekaa peke yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ndiyo mfano mkubwa: watu wanaokaribia milioni mbili walikusanyika katika vikundi, kila kikundi na kiongozi wake, kijitabu chake na redio moja. Kipindi kikiisha walijadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka karibu na nyumba. Aliyepanga kampeni ile alijua kwamba redio ikishasema, kuna mtu lazima ainuke.

Sheria ya mwaka 1993 ikafungua milango kwa vituo vya watu binafsi, Radio One ikaingia hewani mwaka 1994, na ndani ya miaka michache kila mji mkubwa ukawa na FM yake. Chetu kilizaliwa katika wimbi hilo, mwishoni mwa miaka ya tisini, ghorofa ya pili ya jengo lisilo mbali na soko la Mbuyuni.

## Kaunta buku

Kituo kilikuwa na mambo mengi, muziki, mpira, mahubiri ya Jumapili, lakini kilichokilisha kwa miaka yake ya mwanzo ni matangazo ya vifo. Yalisomwa mara tatu: saa moja kasorobo asubuhi, saa saba na robo mchana, na usiku baada ya taarifa ya habari. Kabla ya kusomwa ilipigwa kinanda, wimbo wa kanisani bila maneno, na ukiwa mtaani ukasikia kinanda kile uliona watu wananyamaza.

Utaratibu ulikuwa huu. Mtu anapanda ngazi na karatasi, mara nyingi imekunjwa mara nne, anakaa kwenye benchi, dada wa mapokezi anainakili kwenye kaunta buku na kuisoma tena kwa sauti. Tangazo lilikwenda hivi:

"Mzee fulani wa Kibosho anasikitika kutangaza kifo cha mke wake mpendwa, kilichotokea jana alfajiri. Mazishi yatafanyika kesho saa nane mchana nyumbani kwa marehemu. Habari ziwafikie: kaka wa marehemu, mzee fulani wa Uru; mkwe wake, fulani wa Mkuu, Rombo; mwalimu fulani wa Same; shemeji yake fulani wa TPC; mama fulani wa soko la Kiboriloni; wifi zake wote walioko Marangu; pamoja na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo."

Tulitoza kwa tangazo, hatukutoza kwa neno. Ndiyo maana orodha zilikuwa ndefu. Hakuna Mchaga aliyetaka lawama ya shangazi kwamba jina lake halikutajwa.

Masafa yetu yalikuwa na mipaka yake. FM husafiri kama mwanga wa tochi, inachokutana nacho kinaitia kivuli, na miteremko ya kusini ya Kilimanjaro imekatwakatwa na mabonde marefu. Mtu wa mgongoni alitupata safi, wa bondeni alitupata akisogeza redio dirishani na kuishika antena kwa mkono. Rombo, upande wa mashariki wa mlima, tulisikika kwa kubahatisha. Mawimbi ya kati ya RTD yalikuwa yakiambaa na ardhi, yetu hayakuweza.

## Kilichotuingiza kwenye kikao

Mwaka 2016 na 2017 kaunta buku ilianza kukonda. Kurasa ambazo zamani zilijaa kwa siku mbili zilichukua wiki. Wakati huohuo mtu wa masoko alirudi kutoka Arusha na maneno ya wadhamini. Walitaka vijana. Mmoja alimwambia waziwazi, "Redio yenu inanuka sanda."

Februari 2018 tulikaa. Mezani kulikuwa na njia tatu: kuacha kama ilivyo, kuyaondoa matangazo ya vifo kabisa, au kuyafupisha na kuyatawanya katikati ya muziki, huku tangazo zima likiwekwa kwenye kundi la WhatsApp la kituo. Njia ya kwanza ilionekana ni kusubiri kufa. Ya pili mmiliki aliikataa, alisema mama yake angemfukuza nyumbani. Tukabaki na ya tatu.

Mimi nilikuja na saa. Nilikuwa nimepima tangazo moja likisomwa: dakika mbili na sekunde kumi, na zaidi ya dakika nzima ilikuwa majina. Nikauliza kikao, majina haya yanamhusu nani? Fundi mitambo, mtu mzima kuliko sisi wote, aliyekuwa kona akichomea waya, akajibu bila kuinua kichwa: "Yanawahusu wenye majina." Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao. Katika kumbukumbu za kikao hakuna aliyeliandika jibu lake.

Tukapitisha: marehemu ni nani, wa wapi, anazikwa lini na wapi, na "ndugu, jamaa na marafiki wote mnaarifiwa". Nusu dakika basi. Kinanda kikatolewa, ikawekwa jingo fupi ya kisasa. Saa maalumu zikafutwa, mtangazaji akaambiwa asome kila anapopata nafasi, angalau mara nne kwa siku.

Kwa haki, niseme sababu zetu hazikuwa za kipuuzi. Simu ilikuwa imeingia kila nyumba, familia zilikuwa na makundi ya ukoo, na habari ya msiba ilifika Dar es Salaam kabla marehemu hajafikishwa mochwari. Tuliamini kwamba tunapunguza kitu ambacho tayari kilikuwa na mbadala.

## Miezi ya mwanzo

Ilionekana tumepatia. Jioni simu za studio hazikutulia. Vijana wa bodaboda wa stendi walituma ujumbe wa sauti wakibishana Simba na Yanga, tukawa tunawacheza hewani, wakajisikia na kutuma tena. Tulipata wadhamini wawili wapya. Mtu wa masoko alitembea ofisini kama mwenye harusi.

Kaunta buku ilisimama palepale miezi mitatu hivi, kisha ikaporomoka kuliko mwanzo. Tukasema si tuliona, watu wamehamia WhatsApp. Kila namba iliyoshuka tuliisoma kama ushahidi kwamba tulikuwa sahihi. Hapo ndipo uchambuzi wetu ulipokufa, kwa sababu hakukuwa na matokeo yoyote ambayo yangetufanya tuseme tumekosea.

## Mzee aliyeleta redio

Julai 2019, wiki chache baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku, alipanda ngazi mzee mmoja kutoka juu Kibosho na mfuko mbadala wa bluu mkononi. Ndani yake kulikuwa na redio. Antena ilikuwa imekatika, mahali pake pamefungwa waya wa shaba, na mfuniko wa betri ulishikwa na mpira wa mshipi wa nguo.

"Shikamoo mzee," dada wa mapokezi akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Nimeleta redio yenu."

"Redio yetu kivipi, baba?"

"Yenu. Kwangu imeacha kusema. Nimeipeleka kwa fundi hapo Mbuyuni, anasema ni nzima. Kama ni nzima, basi wagonjwa ni ninyi."

Dada akaniita. Mzee hakukaa mpaka nilipomwamkia na kumletea kiti badala ya benchi. Alieleza taratibu, bila kupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepiga kelele. Dada yake wa kuzaliwa, aliyeolewa Mwika, alifariki mwezi uliotangulia. Walizika. Yeye alipata habari siku ya tatu, kwa mtu aliyekutana naye njiani akampa pole.

"Nilifikiri amekosea mtu," alisema. "Nikamwambia asante, nikaendelea na safari."

Tukafungua kaunta buku. Tangazo lilikuwepo, na kumbukumbu za studio zilionyesha lilisomwa mara nne kama tulivyoahidi. Mara mbili kati ya hizo yeye alikuwa kwenye mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, ilikuwa zamu yake ya maji. Mara nyingine redio ilikuwa imezimwa kwa sababu alishazoea kuiwasha kwa saa zake, na saa zake tulizifuta. Nikateremsha macho kwenye ukurasa. Karatasi ya familia ilinakiliwa yote, na orodha ilikuwa na majina kumi na moja. Jina lake lilikuwa la nne. Juu ya orodha nzima ulipita mstari wa kalamu nyekundu, na kalamu nyekundu ofisini ilikuwa ya kwangu.

Mzee aliusoma ukurasa kichwa chini, kutoka upande wake wa meza. Akaweka kidole kwenye jina lake. "Kumbe walinitaja," alisema.

## Jinsi habari ilivyopotea

Wiki ile nilipanda Kibosho, nikaenda Mwika, nikapiga simu mbili Dar es Salaam. Nilitaka kujua habari ilikatikia wapi, na jibu lilikuwa kwamba ilikatika kila mahali kwa sababu moja.

Watoto wa marehemu hawakumtuma mtu kwa mjomba wao. Zamani wangetuma kijana, lakini redio ilishalipwa na jina la mjomba lilikuwa la nne. Mtoto wa kiume wa mzee, aliyeko Dar, aliona msiba kwenye kundi la ukoo, akaandika "poleni", akaamini baba yake yuko huko huko na ameshajua kabla yake. Mzee mwenyewe ana simu ya kitochi, na bondeni kwake mtandao unapatikana ukitoka nje ya migomba.

Aliyenifundisha zaidi ni jirani yake, mama mmoja ambaye redio yake haizimwi. Tangazo alilisikia. Alikuwa anamenya ndizi za mtori.

"Nilisikia bibi wa Mwika amefariki," aliniambia. "Nikasema masikini, pole yao. Ningejuaje kama ni dada yake na baba huyu? Jina lake la ubatizo mimi silijui. Mngesema tu kaka yake wa Kibosho, ningemtuma mtoto hata sufuria haijachemka."

## Maamuzi ya pili

Majina tuliyarudisha wiki hiyo hiyo. Mmiliki hakubishana, ingawa aliuliza wadhamini wataambiwa nini. Kinanda kikarudi, na saa mbili maalumu kati ya tatu za zamani, asubuhi na usiku. Ya mchana tuliiacha kwa vijana.

Kisha tukafanya jambo ambalo lilitakiwa kufanyika kabla ya kikao cha 2018: tukaenda kuuliza. Haikuwa tafiti, tulikuwa watu wawili na daftari, soko la Kiboriloni, stendi, na makanisa mawili baada ya ibada. Swali halikuwa "unasikiliza redio gani?" Lilikuwa "ukisikia tangazo la msiba, unafanya nini?" Mama mmoja muuza ndizi alitoa mfuko wa kaki wa sukari alioandika majina ya jana yake. Huandika yale ya kwao, jioni akipanda nyumbani anapita mlango kwa mlango. Konda wa Hiace ya Marangu alisema akisikia jina la mtu wa njia yake humwachia ujumbe mwenye duka la kituo cha karibu, na mwenye duka hawezi kukosa kumwona mtu wake. Hivyo ndivyo tangazo letu lilivyokuwa likifika Rombo miaka yote, mahali ambapo mawimbi yetu yalifika kwa kubahatisha. Sisi tulikuwa tukijisifu kwa mnara.

Jambo la tatu lilituletea aibu nyingine. Ili kuongeza matangazo, tulianza kuokota taarifa za misiba kutoka kwenye makundi ya WhatsApp na kuzisoma bure. Mapema mwaka 2020 tukatangaza kifo cha mtu wa Majengo. Saa moja baadaye akaingia mwenyewe, mikono ina grisi mpaka viwikoni, maana alitusikilizia gereji. Aliyefariki ni babu yake. Kwa desturi mjukuu hupewa jina la babu, na mtu wetu aliposoma jina kwenye simu hakuuliza umri. Tulimwomba radhi hewani. Alikubali kuongea, akawaambia wasikilizaji kwamba wadeni wake wasifurahi, yuko hai. Kuanzia hapo hakuna tangazo lililosomwa bila simu mbili, moja kwa mwanafamilia na moja kwa mwenyekiti wa kitongoji. Utaratibu huo ni mzuri lakini una gharama. Mara moja mwenyekiti hakupatikana siku nzima na tangazo likasomwa watu wakiwa wametoka makaburini.

## Matokeo

Wazee walirudi, na tulijua hivyo kwa sababu walianza tena kulalamika mtangazaji akitamka vibaya jina la ukoo. Mdhamini mmoja kati ya wale wawili aliondoka, mwingine akabaki kwa ajili ya mpira. Vijana hawakuondoka. Waliokuja kwa ajili ya sauti zao na mabishano ya Simba na Yanga waliendelea kuja, na nilipowauliza wale wa stendi kuhusu kurudi kwa majina, wengi hawakujua kwamba yaliwahi kutolewa.

Kaunta buku haikurudi ilivyokuwa. Nisimdanganye mtu hapa: mapato ya matangazo ya vifo hayajafika hata karibu na yale ya miaka ya mwanzo, na sidhani kama yatafika. Kitu kilichokuja badala yake hatukukitarajia. Watu walioko Dar es Salaam na Arusha walianza kutuma pesa kwa M-Pesa na kuomba tangazo lenye majina machache sana. Ukoo mzima ulishaarifiana kwenye simu, wao walitaka redio iwafikie wale ambao simu imewaruka.

## Uchambuzi

Kosa letu halikuwa kumtaka kijana. Kosa lilikuwa kumfikiria kila msikilizaji kuwa kama kijana mwenye visikizi masikioni: mmoja, peke yake, anayesikia kinachomhusu na kuruka kisichomhusu. Kwa msikilizaji wa namna hiyo orodha ya majina kumi na moja ni kero kweli, kumi si lake. Lakini mama anayemenya ndizi alikuwa anasikiliza kwa ajili ya nyumba tatu. Orodha ndiyo iliyomwambia ni ipi kati ya nyumba hizo inabidi ainukie. Tulipoikata tulimwachia habari ya kusikitikia tu, haina pa kuipeleka.

Ukilitazama hivyo, hata mambo mengine ya redio ya zamani yanaeleweka upya. Kadi za salamu za RTD, ambazo sisi watangazaji wa FM tuliziita ushamba, zilikuwa orodha za majina mwanzo mwisho. Kipindi cha Ugua Pole kiliwataja wagonjwa hospitalini, na aliyemsikia mgonjwa akitajwa alijua Jumapili anakwenda wapi. Kila jina lililosomwa lilikuwa na watu pembeni waliolijua.

Kundi la WhatsApp lina nguvu yake, na mtu asiseme nalipinga, mimi mwenyewe niko kwenye makundi ya misiba manne. Udhaifu wake ni kwamba linamfikia aliyeingizwa tu. Mama wa ndizi hakuwa kwenye kundi la ukoo wa jirani yake na hakuna ambaye angefikiria kumwingiza. Redio ilimfikia yeye, mtu asiyehusika, na yeye ndiye aliyekuwa na miguu ya kwenda. Zaidi ya hapo, kundi na redio vilidhoofishana: kila upande uliamini mwingine umeshafikisha. Mtoto wa Dar aliitegemea redio, wapwa waliitegemea redio, na redio ilitegemea kundi.

Kipimo chetu nacho kilikuwa kibovu. Tulihesabu wanaopiga simu na wanaolipa. Anayepiga simu studio ni mwenye salio na muda, na anayelipa tangazo ni mtumaji. Mzee wa Kibosho hakuwahi kutupigia wala kutulipa kwa miaka ishirini, kwa hesabu zetu hakuwepo. Jirani yake hali kadhalika. Alipokuja hatimaye, alikuja kuturudishia redio.

Yaliyofanya kazi ni machache. Ujumbe wa sauti wa vijana ulifaa na ningeufanya tena kesho, kwa sababu uliongeza kitu bila kuhitaji kuondoa kingine, jambo ambalo hatukuligundua kwa kuwa tulifanya yote wiki moja. Kama tungeanza na sauti za vijana peke yake, tukasubiri miezi mitatu, tungeona jioni inajaa huku majina yakiwa palepale. Kunakili karatasi ya familia yote kwenye kaunta buku, hata sehemu isiyosomwa, kulitusaidia kuliona kosa likiwa na rangi. Dada wa mapokezi ndiye aliyesisitiza tusiache kunakili, alisema karatasi ya msiba haikatwi. Na kurudi nyuma haraka kulitusaidia. Mmiliki angeng'ang'ania mpaka mwisho wa mkataba wa wadhamini, nadhani tusingesamehewa.

Saa maalumu nimezichelewesha lakini zilikuwa na uzito karibu sawa na majina. Tulisema "mara nne kwa siku" tukaona tumeongeza, kumbe mtu anayehesabu betri anawasha redio kwa ahadi. Mara mbili kwa saa inayojulikana humfikia, mara nne zisizojulikana zinampita akiwa kwenye mfongo.

Fundi mitambo amestaafu. Siku ya kumuaga nilimkumbusha jibu lake la kikao, akasema halikumbuki, labda alikuwa anafikiria waya.

Niliondoka kituoni baadaye, lakini bado ninapita. Mara ya mwisho dada wa mapokezi alinifungulia kaunta buku ya sasa. Orodha ndefu hazipo tena. Majina ni mawili, matatu, yote ya watu wazima sana, na familia zimeanza kuandika maelezo ya njia pembeni ya jina. Tangazo moja lilikuwa na jina la mtu mmoja tu, limesomwa asubuhi na usiku kwa siku mbili: habari zimfikie bibi fulani wa Old Moshi, anayeishi chini ya kanisa baada ya daraja la miti, na yeyote anayemfahamu aende amwambie taratibu, maana ana presha.